Allidina Visram: Duka Lililofuata Reli

Msomaji kijana, chukua ramani ya Kenya uitandaze mezani. Weka kidole chako juu ya Mombasa, kisha ufuate njia ya reli inayopanda kwenda Nairobi. Ukiisha kuvuka nchi kavu ya Tsavo utaingia Makueni, nawe utasoma majina haya mmoja baada ya mwingine: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Sasa tazama upande wa kaskazini na mashariki, utaiona Kitui. Reli haikufika huko. Jambo hili dogo la ramani lilibadili maisha ya watu wengi, na katika insha hii twataka kuona jinsi lilivyotokea, kwa kufuata maisha ya mtu mmoja aliyeelewa mapema kuliko wenzake maana ya reli kwa mwenye duka. Jina lake ni Allidina Visram.

Kabla ya kumjua mtu huyo, yatupasa kwanza kujua biashara ya Ukambani ilivyokuwa kabla ya reli. Usidhani kwamba nchi ile ilikuwa imelala ikingoja wageni waje kuifundisha kuuza na kununua. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa bara. Misafara yao ilishuka hadi Mombasa ikiwa na pembe za ndovu, nayo ilirudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Mkuu wa wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi wa Mwendwa, mtu wa Kitui. Mwaka 1849 alimkaribisha kwake mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, na ni huko Kitui ambako Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mara ya kwanza, mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1851, Kivoi aliuawa na wanyang'anyi alipokuwa safarini kuelekea mto Tana.

Katika miaka iliyofuata misafara ya Wakamba ilidhoofika, kwa maana Waswahili na Waarabu wa pwani walianza kupanda bara wenyewe kutafuta pembe, na ndovu nao walizidi kupungua. Hata hivyo, Kitui ilikuwa bado ni nchi ya njia. Mwenye miguu yenye nguvu na kichwa cha kubebea mzigo aliweza kuifikia kama alivyoweza kufika kwingine. Kwa mpagazi, njia ni popote panapopatikana maji. Lakini kwa gari la moshi njia ni moja tu, na asiyekaa kando yake huachwa.

Basi na turudi kwa mtu wetu. Allidina Visram alizaliwa Kera, katika nchi ya Kutch huko Bara Hindi, kama mwaka 1851. Alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka kama 12, alipanda jahazi akavuka bahari mpaka Unguja. Fikiri, msomaji, umri huo: ni umri wa mwanafunzi anayekaribia kuingia shule ya sekondari. Hakuwa na mali, wala hakuwa na cheo. Alikuwa na mikono yake na jamaa wa dini yake waliokwisha kutangulia pwani.

Huko Bagamoyo alipata kazi kwa tajiri mmoja wa jamaa hiyo, jina lake Sewa Haji Paroo. Biashara ya Sewa Haji ilianza na duka la baba yake, lakini mwana hakutosheka kukaa nyuma ya meza akipima nguo kwa mikono. Aliona kwamba Bagamoyo ulikuwa mlango wa bara, na kila msafara uliotoka hapo ulihitaji nguo, shanga, waya na wapagazi. Basi akawa yeye ndiye mwenye kuipa misafara vitu hivyo, akiwaandaa wafanyabiashara, wapelelezi na wamisionari. Alipotajirika alitoa mali kwa ajili ya shule na matibabu, na hospitali moja ya Dar es Salaam iliitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1897. Allidina, aliyekuwa amejifunza kazi mikononi mwake, akaichukua biashara ya misafara na kuiendesha.

Hapa yafaa usimame kidogo ujiulize swali. Mtu akiachiwa biashara inayokwenda vizuri, afanyeje? Wengi hufanya kama walivyofanya waliowatangulia. Misafara ya Bagamoyo ilikuwa imewaletea watu utajiri kwa miaka mingi, na mtu mwenye busara ya kawaida angeendelea nayo. Lakini mwaka mmoja kabla ya Sewa Haji kufariki, yaani mwaka 1896, Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka Mombasa. Allidina alitambua kwamba chuma kile kingemaliza kazi ya wapagazi. Badala ya kushindana nacho, alikifuata.

Reli ilipanda polepole. Mwaka 1898 ilikuwa imekwama kwa muda pale Tsavo, ambako simba waliwala wafanyakazi. Kisha ikavuka ikaingia nchi ambayo leo ni Makueni. Makindu pakawa mahali pakubwa pa kambi na karakana. Kituo kimoja cha mbele kikapewa jina la Sultan Hamud, kwa heshima ya Hamud bin Muhammad, Sultani wa Unguja wa siku zile. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, na mwezi wa Desemba mwaka 1901 ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, nao karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na elfu chache wakabaki. Ukifika Makindu leo utaliona hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926. Ni ukumbusho wa watu hao wa reli.

Maelfu ya watu waliolala katika mahema porini walihitaji unga, mchele, samli, chumvi, tumbaku na nguo. Kwa hiyo Allidina alifungua maduka kando ya reli kadiri ilivyosonga mbele. Wala hakungoja ifike mwisho. Mwaka 1898, reli ilipokuwa bado mbali sana na ziwa, yeye alikuwa amekwisha kufungua duka Kampala. Baadaye matawi yake yalienea Kisumu, Jinja, Entebbe na miji mingine mingi, hata watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Lakini duka namna hiyo liliendeshwaje? Tusiridhike na kusema kwamba mtu alikuwa hodari, maana uhodari una njia zake, na njia hizo zaweza kuelezwa.

Njia ya kwanza ni kwamba mzigo haukwenda upande mmoja tu. Mwenye duka wa bara alipokea kutoka pwani nguo za merikani, chumvi, sukari, mafuta ya taa na viberiti. Wenyeji wengi wa siku zile hawakuwa na rupia mkononi; walikuwa na ngozi, samli, asali, nta, ufuta au nafaka. Basi mwenye duka alivipokea vitu hivyo, akavikusanya mpaka vikatosha mzigo, akavituma pwani ambako viliuzwa kwa wenye meli. Hivyo alipata faida mara mbili, ya kuuza na ya kununua. Wewe wa Kitui unajua kwamba nchi yenu ina sifa ya asali tangu zamani. Nta iliyotoka katika mizinga kama ya babu zenu ilikuwa ni bidhaa iliyotafutwa ng'ambo kwa mishumaa na kazi nyingine.

Njia ya pili ni mkopo wa mali. Allidina hakuweza kukaa katika kila duka. Aliwaweka vijana, wengi wao wakiwa wamekuja kutoka Bara Hindi kama alivyokuja yeye, akawapa bidhaa bila kulipwa papo hapo. Kijana aliuza, akatuma mazao na fedha, naye akaletewa bidhaa nyingine. Akiwa mwaminifu na mwenye bidii, baada ya miaka michache aliweza kufungua duka lake mwenyewe, huku akiendelea kununua kwa tajiri wake wa zamani. Kwa njia hiyo kila aliyefanikiwa alimwongezea Allidina mteja badala ya kumpunguzia karani. Vijana wengi walioanza chini yake walikuja kuwa matajiri.

Njia ya tatu ni jina. Siku zile benki hazikuwapo katika sehemu nyingi za bara. Mtu aliyekuwa na fedha Kampala akataka kuzitumia Mombasa hakuwa na jambo rahisi la kufanya. Akienda katika duka la Allidina alipewa hati, na hati hiyo ilikubaliwa katika duka jingine mamia ya maili mbali. Hata maofisa wa serikali walitumia maduka yake kwa kazi hiyo. Karatasi ile haikuwa na thamani yenyewe; thamani yake ilikuwa ni jina lililoandikwa chini. Ndiyo maana wazee husema, biashara haigombi.

Pamoja na hayo hakuishia katika kuuza. Baada ya mwaka 1904 alizidi kugeukia kilimo na viwanda: mashamba, vinu vya kuchambulia pamba na vya kukamulia mafuta, kiwanda cha sabuni na kazi nyingine. Alipoona kwamba mkulima wa Uganda anaanza kulima pamba, alitambua kwamba mkulima mwenye pamba ya kuuza ndiye mnunuzi wa nguo wa kesho.

Sasa, msomaji, historia ya kweli haina budi kutazama upande wa pili. Miaka ileile reli ilipokuwa ikipita Makueni, njaa kubwa ilishika Ukambani. Wakamba waliiita Ngomanisye. Mvua zilikosekana, ng'ombe walikuwa wamekwisha kupungua kwa sotoka, na ndui ikaja juu ya njaa. Watu wengi wa Kitui na Machakos walikufa katika miaka ya 1898 na 1899. Kwa watu hao duka la kwanza kando ya reli halikuwa jambo la furaha tu. Lilikuwa ni mahali palipo na chakula ambacho mwenye mbuzi wa mwisho aliweza kukinunua, na asiye na mbuzi aliweza kukitazama tu.

Tena, baada ya njaa ilikuja kodi ya kibanda, iliyodaiwa kwa rupia. Mtu aliyezoea kubadilisha asali kwa nguo alilazimika sasa kutafuta sarafu, naye aliipata kwa kuuza mazao yake dukani kwa bei aliyopewa, au kwa kwenda kufanya kazi ya mshahara mbali na kwake. Na mjukuu wa wale waliokuwa wakiongoza misafara na Kivoi, alipotaka kufungua duka lake, hakukuta mkopo unaomngoja wala jamaa wenye ghala Mombasa. Mhindi mwenye duka naye hakuwa bwana wa nchi: Waingereza walimkataza kununua mashamba katika nyanda za juu, nao walimnyima haki sawa katika mabaraza. Allidina mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosimama kuanzisha umoja wa Wahindi wa Mombasa mwaka 1900 ili kudai haki hizo. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu ngazi kwa ngazi, na Mwafrika aliwekwa ngazi ya chini kabisa. Twaweza kusifu bidii ya mtu bila kusahau ngazi hizo.

Mwaka 1916, vita vikuu vya kwanza vikiwa bado vinaendelea, Allidina alisafiri kwenda Kongo kwa shughuli zake. Huko alishikwa na homa, naye akafariki mwaka huohuo. Mwanawe, Abdulrasul, akarithi yote: maduka, mashamba, vinu na madeni. Kwa kumkumbuka baba yake alijenga Mombasa shule iliyofunguliwa mwaka 1923, na shule hiyo ya Allidina Visram ingali ikisomesha vijana. Lakini mwaka huohuo wa 1923 Abdulrasul naye alifariki, na kabla ya miaka kumi na mitano kupita tangu kufa kwa baba, kampuni kubwa ile ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Kwa nini? Sababu moja ilitoka nje. Baada ya vita bei za mazao zilianguka ghafula, na katika miaka ya 1920 na 1921 fedha ya nchi ilibadilishwa kutoka rupia kwenda florini, kisha shilingi. Mwenye deni alijikuta katika taabu. Lakini sababu hiyo peke yake haitoshi, kwa maana wafanyabiashara wengine walipita katika dhoruba ileile wakasalimika.

Ili tuione sababu ya pili, natulinganishe na mambo ya mbali. Katika mwaka 1884, Myahudi mmoja aliyeitwa Michael Marks, aliyekimbilia Uingereza kutoka milki ya Urusi bila mali wala lugha, alifungua meza ya biashara katika soko la Leeds. Kwa kuwa hakujua Kiingereza vizuri, aliandika kwamba kila kitu ni peni moja, asipate haja ya kubishana bei. Mwaka 1894 alishirikiana na Thomas Spencer. Alifariki mwaka 1907, mwanawe Simon akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 1916, mwaka uleule aliokufa Allidina, Simon Marks akawa mwenyekiti wa kampuni ya baba yake. Mwaka 1924 alikwenda Marekani kujifunza jinsi maduka makubwa ya huko yanavyohesabu kila siku ni bidhaa gani imeuzwa na ipi imelala. Mwaka 1926 kampuni ikafunguliwa kwa wanahisa wengi. Simon aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 1964, na duka la Marks & Spencer halikufa pamoja naye.

Waona tofauti. Michael Marks na Allidina Visram walikuwa watu wa namna moja: wahamiaji, maskini, wenye kutumainiwa kwa jina. Tofauti iko katika kile kilichojengwa baada yao. Kule Uingereza, ujuzi uliotoka kichwani mwa mwanzilishi uliingizwa katika vitabu vya hesabu, katika kanuni na katika mikono ya wasimamizi wengi. Huku kwetu, nchi ilikuwa pana, barua zilikwenda polepole, na mkopo mwingi ulisimama juu ya kujuana kwa watu wawili. Tajiri alijua ni karani gani mwaminifu na ni nani wa kuangaliwa; mrithi hakuweza kuurithi ujuzi huo kama alivyorithi ghala. Abdulrasul hakupewa hata muda wa kujaribu vya kutosha, kwa sababu mauti yalimjia mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari: methali hii huambiwa wenye vibanda vidogo, nayo ni kweli kwa wenye makampuni makubwa pia.

Usije ukasema basi kwamba kazi ya Allidina ilipotea. Vijana aliowakopesha bidhaa walibaki na maduka yao. Vituo vya reli vilivyokuwa na duka moja la bati vikawa masoko, na masoko yakawa miji. Mombasa sanamu yake ingali imesimama. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi, nayo ikapita tena Makueni, ikiwa na vituo Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kitui kwa mara nyingine ikabaki upande wa kaskazini.

Kwa hiyo somo hili si la zamani tu. Wewe wa Makueni uliye karibu na reli, jiulize ni mzigo gani unaopanda na kushuka hapo kwenu, na ni nani aketiye penye mlango wake. Wewe wa Kitui, kumbuka kwamba Kivoi hakuwa na reli wala barabara, naye alifika pwani. Na nyote wawili, mtakaporudi nyumbani wakati wa likizo, ingieni katika duka la jamaa yenu, kama analo, mwombe awaonyeshe daftari lake. Angalieni kama limeandikwa wadeni wote na mikopo yote, kwa namna ambayo mtu mwingine aweza kuisoma kesho. Kama halijaandikwa, kaeni naye siku mbili, mwandike pamoja.